Siri ya Biashara, Toka Lakiri Hadi VPN

Ndugu wasikilizaji, na wewe msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, leo naomba tuzungumze juu ya siri. Sina maana ya siri ya mwizi wala ya mpika majungu. Nakusudia ile siri halali ya mfanyabiashara: bei ya mwisho anayoweza kuikubali, jina la mnunuzi wake, namba ya akaunti yake benki, na siku ambayo mzigo wake utaondoka. Siri hiyo ina historia ndefu katika Afrika Mashariki, na historia hiyo imetufikisha kwenye kitu ambacho siku hizi kila kijana wa mjini anakitaja kwa herufi tatu, yaani VPN.

Nitaanzia Endamarariek, wilayani Karatu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza somo hili kabla sijaiona kompyuta hata moja.

Ilikuwa miaka ya 1990, msimu wa mbaazi. Baba yangu mdogo alikuwa amewashawishi majirani wakusanye mbaazi zao pamoja ili wasiuze mmoja mmoja na kupunjwa kwa lumbesa. Simu kijijini haikuwapo. Ilibidi apande lori hadi Karatu mjini, kwenye ofisi moja iliyokuwa na redio ya upepo, ile tuliyozoea kuiita redio kolu, azungumze na mpwa wake aliyekuwa Arusha akimtafutia bei. Mimi nilimsindikiza. Alijua fika kwamba mawimbi ya redio hayana mlango na kwamba yeyote mwenye chombo kama kile angeweza kusikia. Basi akafanya alichodhani ni ujanja mkubwa: akazungumza Kiiraqw mwanzo hadi mwisho, isipokuwa lile neno "ova". Wakakubaliana bei ambayo chini yake mzigo usiuzwe.

Siku ya pili yake lori la mnunuzi likafika. Mnunuzi mwenyewe hakuwa Mwiraqw wala hakujua hata salamu ya Kiiraqw. Alishuka, akasalimia wazee, akashika mbaazi kiganjani, akataja bei. Ilikuwa bei ile ile ya mwisho, hadi shilingi. Hakupandisha hata senti tano. Baadaye sana tukaja kujua kwamba huko Arusha alikuwa na karani, kijana wa kutoka Mbulu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukaa karibu na redio.

Wazee waliuza, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na maghala yalikuwa yanavuja. Mwaka uliofuata majirani wengi hawakukubali tena kukusanya mazao pamoja. Hasara ya fedha ilisahaulika baada ya msimu mmoja, lakini hasara ya kuaminiana ilichukua miaka.

Sasa hebu tujiulize: baba mdogo alikosea wapi? Jibu lake lilikwisha kuandikwa Ulaya mwaka 1883. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Auguste Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba njia ya kufumba maneno isitegemee adui kutoijua njia yenyewe. Adui aijue njia yote, lakini asiwe na ufunguo, na bado ashindwe. Kiiraqw kilikuwa njia, na ufunguo wake ulikuwa kichwani mwa kila mtoto aliyezaliwa Karatu, Mbulu na Babati. Wamarekani walilitambua hilo katika Vita Kuu ya Pili. Tangu mwaka 1942 waliwatumia askari wa kabila la Wanavajo kupeleka habari za vita katika Bahari ya Pasifiki kwa lugha yao. Lakini hawakuiacha lugha ikiwa tupu. Waliongeza mafumbo juu yake, hata Mnavajo ambaye hakufundishwa mafumbo hayo asingeweza kuelewa kinachosemwa.

Turudi nyuma zaidi. Zamani za misafara na majahazi, mfanyabiashara wa pwani alikuwa na kinga mbili: lakiri na mtu. Barua ilikunjwa, ikatiwa lakiri, ikapigwa muhuri, kisha ikakabidhiwa tarishi au nahodha anayeaminika. Lakiri haikumzuia mtu kusoma. Kazi yake ilikuwa kumfahamisha mpokeaji kwamba barua imefunguliwa njiani. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliokuwa wakifika Unguja katika miaka ya 1830 kununua pembe za ndovu na sandarusi, walisubiri miezi kupata majibu ya barua zao. Habari iliyokwenda polepole namna hiyo ililindwa pia na ule upole wake, kwa sababu aliyeiiba naye hakuwa na chombo cha kuipeleka mbio zaidi ya merikebu.

Mambo yakabadilika mwaka 1879. Mwaka huo kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya chini ya bahari na kuiunganisha Unguja na Aden kwa upande mmoja, na Msumbiji hadi Durban kwa upande wa pili. Kwa ghafla bei ya karafuu ya London ingeweza kujulikana Unguja katika muda ambao zamani usingetosha hata kupakia merikebu. Lakini waya ulileta jambo jipya. Barua yenye lakiri haisomwi na anayeibeba. Simu ya maandishi, ambayo wengi waliiita telegramu, lazima isomwe na anayeibeba, maana karani ndiye anayeipiga neno kwa neno, na karani mwingine huko mbele ndiye anayeipokea na kuiandika. Tena si makarani wawili tu, bali wa kila kituo kilichopo njiani.

Wafanyabiashara wakabuni dawa. Vilichapishwa vitabu vya mafumbo ya biashara. Kimoja kilichopata sifa sana kilikuwa cha ABC, kilichotolewa mwaka 1873 na William Clauson-Thue, na kingine kilikuwa cha Bentley cha mwaka 1906. Ndani yake neno moja lisilo na maana lilisimama badala ya sentensi nzima, kwa mfano kwamba mzigo umepakiwa au bei imeshuka. Sababu ya kwanza ilikuwa ubahili, kwani telegramu ililipiwa kwa kuhesabu maneno. Sababu ya pili ilikuwa siri. Lakini vitabu hivyo viliuzwa madukani, na yeyote aliyenunua nakala yake aliweza kusoma. Kwa hiyo makampuni makubwa yakajitungia vitabu vyao ya ndani, yakavifungia kwenye sanduku la chuma. Hapo ndipo Kerckhoffs anapoonekana alikuwa na akili: ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku ulikuwa na thamani kuliko kitabu kizima kinachouzwa dukani.

Kisha vikaja vita, na vita ni mwalimu mkali wa mambo haya. Agosti 1914, vita vilipoanza, Waingereza walikata nyaya za Wajerumani zilizopita chini ya bahari karibu na pwani yao. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ikafika Dar es Salaam na kuupiga mizinga mnara wa redio wa Wajerumani. Tuliweke akilini jambo hilo, kwa sababu tutalirudia: fumbo hata likiwa zuri namna gani halimsaidii mtu ambaye njia yake yenyewe imekatwa.

Katika Vita Kuu ya Pili somo kubwa zaidi lilitolewa Mombasa, na ajabu ni kwamba Waswahili wachache wanalijua. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi Aprili 1942, Waingereza waliihamishia Kilindini idara yao ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Wakachukua shule ya Allidina Visram, iliyotazama bahari, wakaweka humo mitambo ya kunasa redio pamoja na wataalamu wao. Moja ya mafumbo waliyopambana nayo liliitwa JN-40, na hilo ndilo linalotuhusu leo, maana lilikuwa fumbo la meli za biashara na uchukuzi za Japani. Wataalamu walihangaika nalo kwa muda. Halafu Wajapani wenyewe wakateleza: ujumbe mmoja ukapelekwa mara mbili, mara ya pili ukiwa umeongezwa maneno, bila kubadilisha ufunguo wa siku ile. Kwa kulinganisha nakala hizo mbili, fumbo likafumbuka. Kufikia Novemba 1942 Kilindini walikuwa wanazisoma habari za safari za meli hizo kadiri zilivyonaswa, na meli zikawindwa.

Nasisitiza jambo hili kwa makusudi. Fumbo la Wajapani halikuvunjwa kwa nguvu ya mashine. Lilivunjwa na uvivu wa karani mmoja aliyeona taabu kubadili ufunguo. Tangu siku hiyo hadi leo, mlango mkubwa wa wezi wa siri umebaki kuwa mwanadamu aliyechoka.

Baada ya Uhuru tuliishi na simu za kupitia kwa opereta, na kila mtu mzima anakumbuka jinsi alivyomwambia opereta namba anayoitaka, kisha akasikia pumzi ya mtu wa tatu kwenye laini. Tuliishi na telegramu, tukaishi na redio kolu, ambazo makampuni ya utalii ya Arusha na Karatu yaliendesha nazo shughuli zao hadi ndani ya Ngorongoro na Serengeti. Kisha ikaja intaneti, na watu wakaona wamepata barua ya siri. Kumbe walipata kadi ya posta! Barua pepe ya kawaida ya miaka ile ilipita katika kompyuta nyingi za watu wengi, ikiwa wazi, na yeyote aliyekaa njiani aliweza kuisoma na hata kuibadilisha.

Dawa yake ilikuwa imeanza kupikwa mapema. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: watu wawili ambao hawajawahi kukutana wanaweza kukubaliana ufunguo wa siri huku adui akisikiliza kila neno wanaloambizana. Nitoe mfano. Mimi nina sanduku, nalifunga kwa kufuli yangu na kukupelekea. Wewe huna ufunguo wangu, basi unaongeza kufuli yako na kunirudishia. Mimi natoa kufuli yangu, nakurudishia tena. Sasa limebaki na kufuli yako peke yake, unafungua. Sanduku limesafiri mara tatu, halikuwa wazi hata mara moja, na ufunguo haukupita njiani. Hesabu yenyewe ya Diffie na Hellman ni ya namna nyingine, lakini mfano huu unatosha kuonesha kwamba jambo hilo si uchawi.

Kwa upande wa makampuni, shida ilikuwa gharama. Benki au kiwanda kilichotaka kuunganisha matawi yake kwa siri kililazimika kukodi laini yake pekee au chombo cha setilaiti, na hilo lilikuwa jambo la matajiri. Katikati ya miaka ya 1990 wahandisi wakauliza: kwa nini tusipite katika njia ya wote, lakini ndani ya bomba letu? Mwaka 1995 zikatolewa kanuni za kwanza za IPsec, na mwaka 1996 Microsoft na wenzake wakatoa zao zilizoitwa PPTP. Hapo ndipo VPN ilipozaliwa, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya mtandao wa watu wote. Kompyuta yako inaufumba ujumbe, inautia ndani ya bahasha nyingine, na kuupeleka kwenye kompyuta ya ofisi yako, ambayo ndiyo pekee yenye ufunguo. Anayekaa njiani anaona bahasha zinapita, anaona zinakotoka na zinakokwenda, lakini hajui kilichomo.

Mafumbo yenyewe nayo yamepimwa. Lile la DES, lililofanywa kipimo rasmi cha Marekani mwaka 1977, lilivunjwa mwaka 1998 na mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, katika muda usiofika siku tatu. Mwaka 2001 likafanywa kipimo rasmi jipya, AES, lililobuniwa na Wabelgiji wawili, na njia yake imechapishwa wazi ulimwenguni ili kila bingwa ajaribu kuivunja. Hayo ndiyo maneno ya Kerckhoffs yakitimizwa: njia hadharani, ufunguo sirini.

Kwetu, mikonga ya chini ya bahari ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 ilituondoa kwenye utegemezi wa setilaiti. Leo mwenye nyumba ya wageni Karatu anapokea malipo ya awali kutoka Ulaya, na kikundi cha wakulima kinajadiliana bei na mnunuzi aliyeko ng'ambo. Na wezi nao wamehamia huko huko. Wizi ulioenea ni wa ankara: mwizi anaingia katika barua pepe, anasubiri siku ya malipo, anabadilisha namba ya akaunti tu. Mteja analipa kwa moyo mweupe, na mwenye mali anangoja fedha zisizofika.

Je, VPN inauzuia wizi huo? Lazima tuseme kweli. VPN inalinda njia, hailindi nyumba. Ukitumia intaneti ya bure ya hotelini au stendi, inamfungia nje anayenusa njiani. Lakini ukimpa mwizi neno lako la siri kwa kubonyeza kila kiungo unacholetewa, bomba lako litambeba yeye pamoja na wewe. Dawa ya ankara ni ile ile ya wazee: namba ya akaunti ikibadilika, mpigie simu mwenzako unayemjua sauti, muulize.

Isitoshe, mwenye kukupa bomba naye ni mbebaji wa barua. VPN ya kampuni, ambayo kompyuta yake ya upande wa pili iko ofisini kwako, ni kitu kimoja. VPN ya bure unayoipakua kwenye simu ni kitu kingine, kwa kuwa mwenyewe anaona kurasa unazotembelea. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, iliyotoa VPN ya bure. Watu waliipakua wakidhani wanajificha, kumbe mwenye bomba alikuwa anakusanya habari za programu wanazotumia. Mwaka 2018 ikaondolewa katika duka la programu la Apple. Ndugu zangu, ni yule karani wa Arusha, amebadilisha kiti tu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo penye utata. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kutumia vyombo vya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikatoa tangazo kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa, pamoja na anwani ya mtandao wanayotumia, kabla ya tarehe 30 Oktoba. Adhabu ilitajwa: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Naelewa hoja ya Serikali kwamba kivuli cha siri kinaweza kumficha hata mhalifu. Lakini Katiba yetu, ibara ya 16, inayaheshimu mawasiliano binafsi ya kila mtu, na inataka kuingiliwa kwake kuwekewe utaratibu wa sheria. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai mfanyabiashara azilinde taarifa za wateja wake. Huwezi kumwagiza mtu afunge mlango, kisha ukamtilia shaka kwa sababu amenunua kufuli. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam ina mwanasheria wa kujaza fomu. Katibu wa kikundi cha wakulima Endamarariek hana. Siku kumi na saba zinamtosha kusikia tangazo tu, kama atalisikia. Maoni yangu ni kwamba matumizi ya VPN kwa biashara halali yahesabiwe halali toka mwanzo, na anayefanya uhalifu ashitakiwe kwa uhalifu wake.

Nilisema tutaurudia ule mnara wa mwaka 1914. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Wako walioijaza simu yao VPN za kila aina, lakini bomba halipiti mahali ambapo barabara yenyewe imefungwa. Mfanyabiashara aliyeweka kila kitu mtandaoni alijikuta hana hata namba ya simu ya mteja wake. Basi daftari la karatasi bado lina heshima yake.

Namalizia kwa mbaazi. Mwezi Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, na bei huku kwetu ikaporomoka. Waliopata habari mapema waliuza. Wakulima waliochelewa kuipata walibaki na magunia. Bei ni habari kabla haijawa fedha, na anayeijua habari ya mwenzake kabla ya wakati ameshaingiza mkono mfukoni mwake.

Baba mdogo alifariki bila kuiona VPN. Nadhani angeielewa upesi kuliko wengi wetu. Angeuliza maswali mawili tu: nani anaibeba barua, na nani ana ufunguo? Nawaachia maswali hayo, wasikilizaji na wasomaji wangu, kila mtu ajiulize leo kabla ya kutuma namba ya akaunti yake. Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.